Ami anataka kulipia programu ya SEO (ya kuifanya websaiti ionekane juu Google) mwaka mzima, mie nnaiona pesa ya mashine ya boti inaondoka

Assalamu alaykum Dada,

Mie msomaji wako wa Unguja, nnafanya kazi kwa ami yangu, ana kampuni ndogo ya kutembeza wageni, ofisi yetu iko Mkunazini ndani kabisa kwenye vichochoro. Tunapeleka watu spaisi tua Kizimbani, Changuu kutizama kobe, Jozani kwa kima punju, na tuna boti moja iko Matemwe ya kwenda Mnemba. Tuko wanne tu, ami, mie nnayejibu imeili na WhatsApp, binamu yangu anayepiga picha na kuweka Instagram, na nahodha wetu. Websaiti tunayo tangu 2019, ina kurasa 41, juzi nimekaa nimezihesabu moja moja.

Wageni wetu wengi wanaletwa na mapapasi (vijana wanaotafuta wageni mitaani) au wanatoka kwenye yale majukwaa ya kuuzia safari mtandaoni, na kote huko kunakatwa kamisheni, ukipiga hesabu kwenye spaisi tua tunabaki na pesa ya petroli na chakula cha mchana. Ndo maana ami kila siku anasema anataka mgeni atukute mwenyewe Google atuandikie moja kwa moja.

Sasa wiki iliyopita kaja kijana mmoja ofisini na laptopu yake. Kaifungua, skrini imejaa grafu za rangi, akaandika jina la websaiti yetu ikatoka namba 9, akaandika ya jirani zetu ikatoka 31. Dada, ami uso ulimbadilika pale pale. Kijana akasema hii ndo namba Google anayoitizama, mkilipia programu hii itapanda, na baada ya miezi mitatu mtakuwa ukurasa wa kwanza, garantii. Programu ni dola 140 hivi kwa mwezi, lakini ukilipa mwaka mzima unapunguziwa, inakuja dola 1,400 na kitu, yaani milioni tatu na nusu hivi za kwetu.

Zile pesa zipo. Lakini ndo tulizokuwa tukiziweka za mashine ya boti. Mwezi uliopita ilizimika katikati ya safari, wageni sita wakakaa juani dakika 40 na mtoto mmoja akilia mpaka nahodha akaiwasha. Binamu yangu yeye anaitaka programu, anasema kampuni zote kubwa zinayo. Mie nikasema tungoje kidogo, ami akanijibu mbele ya kijana wa watu, "nyinyi mliosoma mnaogopa kila kitu." Nikanyamaza. Yeye ndo kanilea tangu baba alipofariki, siwezi kubishana nae mbele za watu.

Na kitu chengine, ami akigugo jina la spaisi tua kwenye simu yake tunatoka wa kwanza au wa pili, halafu ananiuliza mbona wageni hawaji. Sina la kumjibu. Na aliyetutengenezea websaiti kahamia Oman, paswedi zote anazo yeye, nikitaka kubadilisha bei namtumia WhatsApp, pengine siku tatu ndo anabadilisha.

Nnaomba unisaidie, tuchukue programu gani, kuna ya bei nafuu inayotosha watu watatu, na ami nimwambie vipi bila kumvunjia heshima?

Ni mie, binti wa Mkunazini

—

Wa alaykum salaam mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na jibu la swali lako umelitia mwenyewe kwenye mstari wa karibu na mwisho, ule wa paswedi. Nitarudi huko. Kwanza nikutoe hiyo namba 9 kichwani maana nnajua imekukaa na ami imemkaa zaidi.

Hiyo namba si ya Google. Kampuni inayoitwa Moz ndo ilianza kuipa jina la Domain Authority, ni mizani ya mpaka 100, halafu Ahrefs wana yao wanaiita Domain Rating, na Semrush wana yao Authority Score, kila mmoja anapiga hesabu yake mwenyewe, na hesabu hiyo kwa sehemu kubwa ni ya linki, yaani websaiti ngapi nyengine zimekutaja na zenyewe zina uzito gani. Inakusaidia kujilinganisha na jirani, basi. Google hawaitumii kupanga matokeo na wenyewe wameshalisema hilo mara nyingi. Na kuhusu garantii ya ukurasa wa kwanza, Google wameandika wazi kwenye maelekezo yao kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwengine nafasi ya kwanza. Kwa hiyo kijana huyo, ama hajui anachokiuza au anajua na hakusema, na vyote viwili havitoshi kumkabidhi milioni tatu na nusu za boti.

Sasa la simu ya ami. Ami anagugo akiwa Mkunazini, kwa simu ambayo kila siku inafungua websaiti yake mwenyewe. Google inaangalia mtu yuko wapi na mara nyengine inaangalia alichokuwa akikifungua kabla. Mgeni wenu hayuko Mkunazini wakati anapotafuta, yuko Hamburg au Warsaw au Milano, kakaa jikoni kwake na mumewe wanapanga likizo, na kwake nyinyi pengine mko ukurasa wa nne. Ami haongopi na simu haiongopi, ila simu inamuonesha Google ya Mkunazini.

Cha kukuonesha Google ya Hamburg kipo, na ni cha bure. Kinaitwa Google Search Console. Hicho ndo kitu cha kwanza na wallahi kwa kampuni ya watu wanne yenye kurasa 41 kinaweza kuwa kitu cha peke yake kwa miezi mingi. Kinakwambia watu waliandika maneno gani mpaka websaiti yenu ikatokea, ilitokea mara ngapi, wakabonyeza mara ngapi, na kwa wastani mlikuwa nafasi ya ngapi, halafu unaweza kuchuja kwa nchi, unachagua Ujerumani peke yake, Polandi peke yake, Italia peke yake. Zile programu za dola 140 hizi namba hazina mpaka wewe mwenyewe uziunganishe na Search Console yako. Zenyewe zinakisia. Zinakusanya matokeo ya Google kutoka nje na kukadiria, na makadirio hayo kwa maneno yanayotafutwa na watu wachache, kama ya kwetu ya visiwani, yanaweza kwenda mbali na ukweli.

Hebu nikuoneshe hili kwa karibu. Wajerumani kwa kawaida hawaandiki Zanzibar kwa Z, wanaandika Sansibar, kwa S. Ukurasa wenu wa Kijerumani kama mnao, tizama umeandikwa vipi. Sasa ukichukua programu yoyote ukaandika Sansibar ukachagua Ujerumani, itatoka namba kubwa ya kukutia tamaa. Lakini huko Ujerumani kuna kisiwa kinaitwa Sylt, na kwenye Sylt kuna mgahawa maarufu sana unaoitwa Sansibar. Ndani ya ile namba kuna watu wanaotafuta meza ya chakula cha usiku ufukweni kwao, wala hawana habari na sie. Programu haikwambii hilo, inakupa namba tu. Mtu anayeandika "Gewürztour Sansibar" huyo ndo wenu, anataka shamba la viungo, na hata kama kwa mwezi wako wachache tu, wachache hao wakija moja kwa moja hakuna kamisheni.

Na maneno hayo unaweza kuyapata bila kulipa hata senti. Boti ikirudi kutoka Mnemba wageni wamekaa wanakausha nywele, mpe mgeni simu yako mwambie hebu niandikie kwa lugha yako ungetafuta vipi safari kama hii. Mtaliana atakuandikia "escursioni Zanzibar", Mpolandi atakuandikia "wycieczki Zanzibar", na pengine watakuandikia jambo hukuwahi kulifikiria, kama vile mambo ya kufanya na watoto wadogo au boti isiyokuwa na watu wengi. Mpe kazi hiyo nahodha na binamu yako pia. Kwa wiki mbili mtakuwa na orodha ambayo huyo kijana na laptopu yake hana.

Vyengine vya bure nitavipitia haraka. PageSpeed Insights inapima ukurasa unavyofunguka, Google wanasema kile kitu kikubwa cha juu kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, na kwa websaiti za utalii za kwetu mara nyingi anayekosesha ni picha, mtu kapiga picha ya bahari kwa simu mpya ina mega 7 kaibandika vile vile ilivyo. Screaming Frog inatambaa websaiti nzima kutafuta linki zilizokufa na kurasa zisizo na kichwa cha habari, ya bure inafika anwani 500, kurasa na picha na mafaili yote pamoja, nyinyi mna kurasa 41. Ahrefs wana kitu kinaitwa Webmaster Tools, ni bure kwa websaiti uliyothibitisha kuwa ni yako, utaona na linki zinazokuja kwenu. Google Trends haikupi idadi ya watu lakini inakuonesha neno linapanda mwezi gani, na hilo kwa biashara inayotegemea misimu ni muhimu. Keyword Planner iko ndani ya Google Ads, ukiwa hulipii matangazo inakupa makisio mapana tu, kama 100 mpaka 1,000, lakini kuanzia inatosha. Na ile Google Business Profile ya kwenye ramani, hakikisha alama imewekwa mlangoni kwenu hasa, maana kwenye vichochoro vya Mkunazini alama ikisogea kidogo mgeni anaishia msikitini au nyumbani kwa mtu.

Je, hizi za kulipia hazina kazi? Zina kazi, na sitaki binamu yako aone nnampinga tu. Zinakuonesha kitu ambacho Search Console haiwezi, nacho ni jirani yako. Kurasa gani zinamletea watu, maneno gani yeye anayo na nyinyi hamna, nani kamtaja. Lakini kwa kampuni yenu hiyo ni kazi ya wiki mbili au tatu, unaikusanya, unaipakua kwenye karatasi ya Excel, halafu unakaa nusu mwaka unaifanyia kazi. Kwa hiyo ushauri wangu, msilipie mwaka. Lipieni mwezi mmoja tu, na mwezi huo uwe ndani ya masika, Aprili hivi, wageni wachache, mna wakati wa kukaa chini na kuandika, ili Google ipate muda wa kuzisoma kurasa mpya kabla ya Julai. Halafu ukate usajili siku ile ile uliyolipa, angalia tu kabla kwamba ukikata unaendelea kuitumia mpaka mwezi uishe. Semrush na Ahrefs ndo kubwa, vifurushi vyao vya kawaida ni zaidi ya dola 100 kwa mwezi na ni vya mtumiaji mmoja, mkitaka mtu wa pili mnaongeza pesa. Kwa hiyo ile ndoto ya watu watatu kila mmoja na akaunti yake ondoeni kwenye hesabu, akae mtu mmoja, na nadhani ni wewe, awapelekee wenziwe karatasi.

Kabla ya kuchagua ipi, ijaribu kwa namba unazozijua. Chukua maneno kumi kutoka Search Console yenu, yale yanayowaletea watu kweli kutoka Ujerumani au Italia, uone programu inayajua mangapi na inasema mko nafasi ya ngapi. Kama kati ya kumi haijui saba, haiwajui wateja wenu, hata iwe na grafu nzuri vipi. Muulize anayekuuzia maswali haya, ina data za Polandi? Inaweza kunionesha matokeo ya simu ya mtu aliye Milano badala ya aliye Unguja? Nikikata usajili data zangu naondoka nazo? Akianza tena hadithi ya namba 9 na 31, mshukuru kwa chai aliyokunywa.

Nnakwambia haya kwa sababu yamenikuta. Familia yetu ilikuwa na gesti ndogo Jambiani, tukalipia programu mwaka mzima kwa kadi ya kaka yangu. Mwezi wa kwanza tukawa tunaifungua kila usiku. Ikatupa orodha ya makosa 112 ya kurekebisha. Mdogo wetu aliyekuwa akiijua kidogo akaolewa Chake Chake, akaondoka, na mie nisingeweza kurekebisha hata moja kwa sababu mwenye kuingia ndani ya websaiti alikuwa fundi wa nje aliyekuwa akilipwa kwa kila kazi. Mwaka ukapita, usajili ukajilipia wenyewe mwaka wa pili tukajua kwenye ujumbe wa benki. Orodha ile ilikuwa bado ni 112. Nikikumbuka godoro ambazo tungebadilisha kwa pesa ile bado nnaumia.

Na hapo ndo narudi kwenye paswedi. Mdogo wangu, hata ukipewa bure programu bora duniani, itakwambia badilisha kichwa cha ukurasa huu, punguza picha ile, andika ukurasa wa Kijerumani, na wewe utafanya nini? Utamtumia WhatsApp mtu wa Oman, usubiri siku tatu kwa kila kitu. Hata Search Console yenyewe huwezi kuifungua, kwa sababu inataka uthibitishe kuwa websaiti ni yako, ama kwa kuweka rekodi kwenye domeni (lile jina la websaiti lililosajiliwa) au faili ndani ya websaiti, na funguo zote hizo anazo yeye. Kampuni ya ami ina nyumba lakini funguo ziko kwa jirani aliyesafiri. Simlaumu, pengine hakuna aliyewahi kumwomba.

Kwa hiyo ami usimwendee na neno hapana. Mngoje baada ya alasiri akiwa peke yake anakunywa kahawa, umwambie, "Ami, nimefikiri ulichosema, na nnataka tufike kule Google unakotaka. Nakuomba mambo mawili, funguo za websaiti ziwe kwa jina lako, na unipe miezi mitatu na vifaa vya bure, Aprili nitakuomba pesa ya mwezi mmoja tu." Halafu mfungulie Search Console ukishaipata, chuja Ujerumani, umuoneshe nafasi yenu kwa macho yake. Mzee wa biashara akiona namba ya kweli anaelewa haraka kuliko sie, na hatohisi umembishia kwa sababu hukumbishia. Pesa ya boti itabaki ilipo. Ile ya mtoto kulia juani dakika 40, mgeni mmoja akiiandika kwenye maoni ya Google, hakuna programu itakayoifuta.

Kwa fundi wenu omba vitu vinne: akaunti ya domeni ihamishiwe imeili ya kampuni, paswedi ya hostingi (pale websaiti inapohifadhiwa), akaunti ya uongozi ndani ya websaiti, na umuulize kama Search Console alishaifungua zamani, kwa sababu kama ipo akuongeze kama mmiliki utakuta data za mpaka miezi 16 nyuma, msimu wa mwaka jana wote uko humo. Muandikie kwa adabu, mwambie ami anamsalimia, na kama ana deni lake la kazi za nyuma mlipeni kwanza. Oman wako saa moja tu mbele yetu, ukimpigia leo baada ya isha utamkuta bado hajalala.